Ulinzi wa Nchi na Imani ya Raia

Tangu majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka wa Somalia mwezi Oktoba 2011, wengi wamebishana juu ya njia iliyo bora ya kuilinda nchi. Watu wa Wusi, milimani Taita, wana mfano ulio karibu. Agosti 1914 Wadachi waliitwaa Taveta. Mwaka 1915 wakashambulia kambi ya Waingereza Kasigau. Serikali iliwashuku Wakasigau kuwa wamewasaidia adui, ikawahamishia Malindi, wazee kwa watoto, na wengi wakafa ugenini. Taveta ilikombolewa Machi 1916 kwa nguvu za jeshi, wala si kwa mateso ya wanakijiji hao. Basi wapangao ulinzi na wakumbuke: raia aadhibiwaye bila kosa kuthibitishwa hataleta tena habari za adui.