Tone Moja la Damu ya Kisigino

Huku kwetu Majengo, mtoto mchanga alalaye kimya husifiwa upole. Mimi upole huo hunitia shaka, hasa akiwa amezaliwa kabla ya miezi kutimia, ana uzito chini ya kilo 2.5, au mamaye ana kisukari. Huenda sukari ya damu imeshuka na ubongo umo hatarini. Tone moja la damu ya kisigino, likipimwa papo hapo kitandani, hutoa jibu kabla ya dakika kwisha. (Kipimo hicho pengine hukosea, maabara ithibitishe, lakini maziwa yasingoje.) Si haki, basi, baba kutumwa usiku wa manane kutafuta vijiti vya kupimia katika maduka ya dawa. Naishauri serikali ya kaunti iviweke wodini pamoja na pamba na spiriti, nao walimu wa uuguzi wawazoeze wanafunzi kuvitumia.