Arua: Kodi ya data na kompyuta zisizo na kinga

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliozinduliwa mwaka 2015. Kompyuta nyingi kuukuu za mezani haziwezi kupokea Windows 11, inayodai kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Kwa vibanda vya uchapaji vya Arua, Koboko na Logiri, ambako flashi moja hupita mikono mingi, hilo si jambo dogo.

Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Mwanya ilioutumia ulikuwa umezibwa tangu Machi. Walioumia hawakuwa wameweka sasisho.

Nchini Uganda, sasisho lina bei. Tangu Julai 2021 data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, juu ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Sheria inasamehe data ya tiba na elimu, lakini mwenye kibanda anayeziba mwanya hulipa kamili, kana kwamba anatazama filamu.

Njia nafuu ipo: kupakua sasisho mara moja na kulihamishia kwenye mashine nyingine, kuzuia flashi kujifungua yenyewe, na kumpa mteja akaunti isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Linux nayo hailipiwi, ingawa mafundi wanaoifahamu hawapatikani kila mahali.