Chupa bila lebo haivuki kwa amani

Kina mama wanaochanganya mafuta ya karafuu na ya mikaratusi kwenye mafuta ya nazi, wakawauzia wenye maumivu ya mgongo na magoti Namanga au Busia, huamini cheti cha uasili kilichorahisishwa kinatosha. Hakitoshi. Cheti hicho, cha mzigo usiozidi Dola 2,000 za Marekani, kinahusu ushuru wa forodha; ubora ni dirisha jingine.

Sikubaliani na wanaomlaumu ofisa kwa kila chupa inayozuiwa. Mafuta ya karafuu hutia ganzi kidogo, lakini yakizidi huunguza ngozi. Kipimo salama ni nusu asilimia, yaani matone 3 hivi katika mililita 30 za mafuta ya nazi. Mnunuzi atajuaje, ikiwa umemfungia kwenye chupa ya maji ya kunywa?

Andika viambato, kipimo, tarehe na jina lako. Usiandike “dawa” wala “hutibu baridi yabisi”, maana utajipeleka mwenyewe kwa mamlaka ya dawa. Kisha omba alama ya ubora nyumbani. Kwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006, alama ya TBS inapaswa kutambuliwa Kenya, na ya KEBS Tanzania. Ofisa akiikataa hiyo, hapo mlalamikie, na kwa maandishi.