Kabla ya Kukoroga Uji, Soma Pakiti

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa hapa Nyashimo alinirudia kliniki akiwa amembeba binti yake wa miaka minne. Mtoto alikuwa ametoka hospitali ya rufaa, amepimwa, na daktari akawaambia wazazi kwamba mwili wake haupatani na ngano na hautapatana nayo maisha yote. Mama alitii. Chapati, maandazi, mkate na tambi vilikoma nyumbani mwake. “Sista, ngano nimeacha, lakini mtoto bado anaharisha,” aliniambia.

Tukaanza kuhesabu kila anachokula tangu asubuhi. Tulipofika kwenye uji nilimwomba aniletee pakiti kesho yake. Mbele palikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, na maneno “unga wa lishe wa nafaka bora”. Nyuma, kwa herufi ndogo mno, nafaka ya tatu katika orodha ilikuwa ngano. Niliona aibu, kwa sababu unga ule nilimshauri mimi mwenyewe.

Ugonjwa wa mtoto huyo huitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Kila mama anayekanda chapati anaijua hata kama hajasikia jina lake: ndiyo inayofanya donge la ngano livutike bila kukatika, wakati donge la unga wa mtama hupasuka tu. Kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huharibu ukuta wa utumbo mdogo, mahali ambapo chakula hufyonzwa. Mtoto hula lakini haongezeki. Anaharisha, tumbo linajaa, damu inapungua. Mtu mzima aweza asiharishe kabisa, ila akawa na upungufu wa damu usiosikia vidonge. Tiba yake ni kuacha gluteni moja kwa moja. Aliyeonyesha kwamba kisa ni ngano alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeandika matokeo yake mwaka 1950.

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Si hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi walioko katika kambi za wakimbizi kule Algeria, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Lakini nawaomba pia msikimbilie kuisingizia ngano kila tumbo linapouma. Huku kwetu mtoto anayeharisha na kukonda yaweza kuwa ana minyoo, kifua kikuu, VVU, au kichocho alichokipata ziwani. Mleteni apimwe. Tena msimwachishe ngano kabla ya vipimo vya siliaki, kwa maana akishaiacha, kipimo chaweza kuonyesha hana kitu kumbe anao.

Akishathibitika, ndipo kazi ya pakiti huanza. Kwa upande mmoja sisi wa Simiyu tuna bahati. Ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, wali, uwele, ulezi, michembe na matobolwa, dengu, choroko, karanga, dagaa na sangara, vyote hivi havina gluteni kwa asili yake. Huko Ulaya mgonjwa hununua mkate wa pekee kwa bei kubwa. Sioni sababu ya mzazi wa hapa kwenda Mwanza kutafuta biskuti zilizoandikwa “gluten free” wakati ana gunia la mtama ndani. Maneno hayo yana maana yake, ndiyo: kwa viwango vya chakula vya kimataifa, chakula cha namna hiyo hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja, na hicho ni kiasi kidogo mno. Hivyo usidanganyike kwamba kipande kimoja cha andazi hakitamdhuru mtoto.

Hatari ni vile vilivyosagwa na kufungwa na wengine. Pakiti nyingi za dukani zimeandikwa kwa Kiingereza, basi jifunze maneno machache. “Wheat” ni ngano. “Barley” ni shayiri. “Rye” ni rai. “Semolina” na “durum” ni ngano pia. “Malt” ni kimea, na hapo yafaa kuwa mwangalifu: kimea tunachotengeneza nyumbani kwa mtama au ulezi hakina ubaya, bali kile cha viwandani, kinachotiwa katika vinywaji vya unga na nafaka za asubuhi, kwa kawaida ni cha shayiri. Uji wa oti, ambao watu wengi nao huuita shayiri, ni nafaka nyingine, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano shambani na kiwandani, kwa hiyo asipewe. Angalieni pia soseji, sosi ya soya na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Tena someni kila mnunuapo, hata kama ni pakiti ile ile ya mwezi uliopita, kwa sababu mtengenezaji huweza kubadilisha mchanganyiko.

Watu huniuliza, je, alama ya TBS haitoshi? Alama hiyo ni muhimu, na tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Lakini alama husema kwamba bidhaa imefikia kiwango chake. Haisemi kwamba haina ngano. Hata unga wa ngano wenyewe una alama hiyo.

Vigumu zaidi ni vitu visivyo na maandishi. Mwenye duka anapima ulezi kwa kopo lile lile alilotoka kupimia ngano. Mashine ya kusaga imetoka kusaga lishe yenye ngano, nawe unamimina mtama wako juu yake. Bagia za mnadani yasemekana ni za dengu, kumbe muuzaji ameongeza ngano ili zishikane. Na hata mihogo ya kukaanga hupita katika mafuta yaliyokaanga maandazi. Yule mama nilimshauri anunue nafaka nzima, aichambue na kuiosha mwenyewe, kisha aende mashineni asubuhi mashine ikiwa imesafishwa, atangulize mahindi kidogo, na unga huo wa kwanza uliwe na wengine nyumbani. Kiasi kidogo alikitwanga kwenye kinu. Ni kazi, nakubali.

Hapa nina neno kwa vikundi vyetu vya akina mama parokiani, WAWATA na wengine, wanaosaga na kufunga unga wa lishe. Kazi yenu ni njema na fedha yake husomesha watoto. Lakini “nafaka mchanganyiko” si maelezo. Andikeni kila nafaka kwa jina lake, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani. Kwa maoni yangu ngano haina haja kabisa ya kuwemo humo. Uji wa mahindi au ulezi, ukiongezwa karanga au dagaa waliosagwa, hulisha vizuri. Sisi wauguzi tuna lawama pia, maana kwa miaka mingi tumewasifia akina mama lishe yenye nafaka saba kana kwamba wingi wa nafaka ndio lishe.

Binti yule sasa ana miaka tisa, ana mashavu, na yumo katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mama yake alikuja na swali ambalo sikulitegemea: hostia nayo je? Hostia ni ngano. Barua ya Kadinali Ratzinger ya 24 Julai 2003, iliyokaziwa na nyingine ya Juni 2017, yaeleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, hata kama inauzwa na ina maandishi mazuri kwenye pakiti. Yenye gluteni kidogo sana yafaa, mradi iwe mkate wa kweli. Na asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea Damu ya Kristo peke yake. Nilimkumbusha mama jambo moja la kiuguzi, kwamba padre hutia kipande cha hostia katika kalisi yake, kwa hiyo mtoto asinywe katika hiyo. Tulikwenda wote kwa paroko. Ametenga kikombe kidogo, kitakachowekwa divai yake pembeni ya altare kabla ya Misa kuanza.