Tasnifu na Maghorofa ya Nyayo Highrise

Mwaka wa 1987, Tume ya Brundtland ilifasili maendeleo endelevu kuwa yale yanayokidhi mahitaji ya leo bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Mwanafunzi wa uzamili anayekariri fasili hiyo na aitazame Nyayo Highrise na Kibera iliyo jirani. Maghorofa hayo yalijengwa penye ardhi ya Kibera, lakini wakaazi wengi wa mabanda hawakuyamudu; yakawa makao ya wenye mishahara. Tasnifu nayo yaweza kupatwa na mkosi huohuo: maarifa huchotwa Kibera kwa Kiswahili, huandikwa kwa Kiingereza, hufungiwa maktabani. Yafaa vyuo vikuu vimtake mtafiti arejee kwa aliowahoji, awasomee matokeo kwa Kiswahili, wamsahihishe, ndipo atunukiwe shahada. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.