Hodi Isizidi Kipimo

Mteja ampaye mwenye duka anwani yake ya barua pepe humfungulia mlango wa nyumba. Lakini abishaye hodi kila siku kwa matangazo yasiyo na maana hugeuka kero, na mlango hufungwa. Tangu Februari 2024, Gmail imewataka wanaowapelekea wateja wake barua 5,000 au zaidi kwa siku wahakikishe kuwa malalamiko hayafikii matatu katika kila barua 1,000. Avukaye mpaka huo, hata stakabadhi ya mteja aliyekwisha kulipa yaweza kutupwa kapuni. Basi familia yenye duka na ianze na barua moja kwa mwezi. Kabla ya kuongeza, mteja aulizwe. Naye akikataa, aheshimiwe.