Pango Limebaki Kabatini
Jamani, kuendesha mchezo huu ni kazi! Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974: mwendeshaji anasimulia, wachezaji wanaamua, dadu yenye pande 20 inasema kama wamefanikiwa. Wiki nzima nilichora ramani ya pango. Jumamosi wageni wangu wakagoma kuingia, wakabaki kijijini wakibishana bei na muuza punda niliyembuni hapo hapo. Nilinuna, sikatai. Mara mume wangu, ambaye tangu apunguzwe kazini alikuwa haongei na mtu, akaanza kumbembeleza yule muuza punda. Nikamjibu kwa sauti ya kizee. Akarusha dadu: 20! Alicheka mpaka machozi. Jumamosi ijayo wanakuja tena, wanamtaka huyo huyo wa punda.